TAHADHARI: Kuna mtu anauza shokapu za magari ya rimoti Mwanza, ndani hazina kitu

Wakuu, heshima kwenu. Kama unacheza magari ya rimoti hapa Mwanza, au una kijana nyumbani anayecheza, kuna muuzaji anazunguka na kile anachokiita "seti kamili ya shokapu za mafuta" kwa Sh 85,000. Ni shokapu 4 za gari la kipimo cha 1:10, yaani dogo mara 10 kuliko gari halisi, pamoja na chupa 3 za mafuta ya silikoni zilizoandikwa 200, 400 na 800. Usinunue. Nimezifungua zote mezani kwangu na nimeona kwa macho yangu kilichomo.

Sitataja jina lake wala namba. Namba ameshabadilisha mara mbili, na lile jina sidhani kama ni lake. Mshike kwa mwenendo wake. Anajibu haraka, picha zake ni nzuri, anakuita kaka kuanzia ujumbe wa kwanza. Hela anataka itangulie kwa simu, halafu mnakutana stendi ya Nyegezi kwenye pilikapilika za watu, mzigo ukiwa umezungushiwa selotepu hadi basi. Ukitaka kufungua kofia ya shokapu uchungulie, anakuzuia mkono: "Kaka, ukifungua tu waranti imekufa." Akikwambia hivyo, ondoka.

Aliyeuziwa ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha 2. Likizo nzima ameamka alfajiri kwenda Mwaloni na bibi yake kumsaidia biashara ya dagaa, na kila alichopewa alikiweka. Jioni moja akanipigia: "Shikamoo mjomba. Shokapu nimeshazifunga, lakini gari linadunda kama mpira." Nikamwambia alilete Jumapili.

Kwa mgeni wa mchezo huu, nieleze kidogo, maana tapeli huyu anaishi kwa kutegemea wasiojua. Springi kazi yake ni kubeba gari. Kuituliza hiyo springi ni kazi ya mafuta. Ndani ya shokapu kuna pistoni ndogo yenye matundu, imefungwa kwenye ncha ya shafti. Gari likitua, pistoni inasukumwa ndani ya mafuta, nayo yanapenya kwa shida kwenye yale matundu. Shida hiyo ndiyo inayozuia gari lisidunde. Ukitoa mafuta na pistoni, umebaki na springi tupu.

Nikafungua kofia ya kwanza. Kwenye nyuzi kulikuwa na grisi kidogo, imepakwa ili ukigusa uone ulowevu. Nikaiinamisha juu ya sahani, halikudondoka hata tone. Nikavuta shafti, ikachomoka yote mkononi bila kukwama popote: kijiti kitupu, hakina pistoni wala klipu ya kuishikilia. Chini, pale panapokaa oringi, ile pete ya raba inayozuia mafuta yasivuje, palikuwa na tundu la plastiki tu. Na ile bluu iliyozifanya zionekane alumini ikabanduka kwa ukucha wa dole gumba. Nikafungua ya pili, ya tatu, ya nne. Mtoto alikuwa amesimama pembeni yangu, hakusema neno.

Nikamwambia tusikate tamaa, huenda mafuta ni mazima, tuyatie kwenye shokapu zangu za zamani ambazo najua ni nzuri. Mbele tukatia "800", nyuma "400". Nikaliinua gari kama sentimita 20 nikaliachia. Gari lenye shokapu nzima likiangushwa hivyo linazama, linanyanyuka mara moja polepole, linatulia. Hili lilirukaruka, tena mbele sawasawa na nyuma. Hapo ndipo nilipopata shaka. Mbele kulitakiwa kuwe kuzito kabisa kuliko nyuma.

Nikachomoa kioo cha fremu ya picha, nikakiegemeza ukutani. Kwa bomba la sindano nikadondosha matone matatu yanayolingana kwenye ukingo wa juu, moja kutoka kila chupa. Zile namba za chupa ni cSt, kipimo cha mnato, yaani ugumu wa mafuta kutiririka. Mafuta ya 800 yana mnato mara 4 ya yale ya 200. Kwa hiyo tone la 200 lilipaswa kuwa limefika chini huku la 800 bado linajikokota juu. Yaliteremka yote matatu sambamba, yakafika mezani pamoja. Chupa tatu, lebo tatu, mafuta ni yaleyale.

Mama watoto alikuwa anapita. Akainama, akanusa kile kioo, akasema, "Mbona haya ni mafuta ya kupaka watoto?" Amelea watatu kwa mafuta hayo, harufu yake haimpotei. Mafuta halisi ya silikoni ya shokapu hayanukii. Haya ya watoto kwa kawaida yanatokana na mafuta ghafi ya ardhini, ni mepesi mno kwa kazi hii, na zipo raba zinazovimba zikikaa nayo. Kazi zikanibana nikachelewa kuyamwaga. Siku 5 baadaye oringi zangu zilikuwa zimevimba na shafti zinang'ang'ania. Zote nimezitupa.

Jambo lililoniuma zaidi ni maneno aliyomlisha mtoto. Alimwambia bei iko juu kwa sababu mafuta haya "yametengenezwa maalumu kwa joto la Mwanza". Hakuna kitu kama hicho. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana hapa halipandi wala kushuka sana mwaka mzima. Tena silikoni inapendwa kwenye shokapu kwa sababu mnato wake hauyumbi sana na joto. Adui wa shokapu Mwanza ni vumbi la haya mawe yetu. Chembe za granite zinanasa kwenye shafti yenye unyevu wa mafuta, zinaikwangua, halafu zinakula oringi. Ukimaliza kucheza, futa shafti kwa kitambaa kikavu. Hicho kitambaa kina faida kuliko "mafuta maalumu" ya mtu yeyote.

Alimwambia pia namba za mafuta za kampuni zote zinalingana. Si kweli. Chupa zinazoandikwa WT (kifupi cha "weight", uzito wa mafuta) zinatofautiana, 30 ya huyu inaweza isiwe 30 ya yule. Uliza cSt.

Kabla hujatoa hela, fungua kofia, ni kazi ya dakika moja. Uone mafuta, uone pistoni. Sukuma shafti taratibu: inatakiwa ikupinge sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, na ya kulia ilingane na ya kushoto. Ikipwaya kidogo halafu ikashika, hiyo ina hewa, na hewa peke yake si utapeli, msimwonee muuzaji mwaminifu. Kuitoa hiyo hewa, shusha pistoni hadi chini, jaza mafuta, ipandishe na kuishusha polepole, kisha iache imesimama kama dakika 10 viputo vipande vyenyewe ndipo ufunge. Ukiharakisha hapa utaisikia inakoroma kila gari likitua.

Ujumbe wa muamala na picha za shokapu zilizofunguliwa tumezitunza na tumezipeleka polisi. Namba zake zote tatu za simu tumezituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Hela bado haijarudi.

Aliyekwishanunua chupa hizo asiyatie kwenye gari lake. Jumamosi asubuhi nitakuwa viwanja vya Furahisha na kile kioo, bomba la sindano, na chupa moja ya 400 ninayoiamini. Njoo na ya kwako tudondoshe matone yote mawili, hulipi chochote. Mpwa wangu naye atakuwepo, nimempa shokapu zangu mbili za nyuma, tunatafuta za mbele.