Delta-8 na HHC: Ipi Inaaminika Zaidi?

Delta-8 na HHC ni kanabinoidi mbili, yaani kemikali za jamii ya zile za bangi, zinazouzwa kama bidhaa za hempu, yaani bangi yenye THC (kemikali yake kuu inayolevya) kidogo sana, ingawa mmea wenyewe huwa na kiasi haba mno cha kila moja, na karibu zote zilizomo sokoni hutengenezwa maabara kutokana na CBD, kemikali ya hempu isiyolevya. Delta-8 hupatikana kwa kuichanganya CBD na tindikali. HHC huhitaji hatua ya ziada ya kuongeza haidrojeni, mbinu ambayo mkemia Mmarekani Roger Adams aliitumia katika miaka ya 1940.

Delta-8 hulevya, lakini kwa udhaifu kuliko THC ya kawaida. HHC ndiyo inayonitia shaka: ina molekuli za maumbo mawili, 9R na 9S, na ni ile ya kwanza inayolevya hasa, hivyo chupa mbili zenye kipimo kilekile zinaweza kumfanyia mtumiaji mambo tofauti kabisa. Sifa yake njema ni kwamba haiharibiki upesi.

Ningeiweka Delta-8 mbele, lakini si bila cheti cha maabara huru kinachoonyesha mabaki ya tindikali, viyeyusho na metali nzito. HHC isiyotaja uwiano wa 9R na 9S singeigusa. Zote mbili hazifai kabisa kwa anayetaka kuendesha gari, na Delta-8 inaweza kuonekana kama bangi katika kipimo cha mkojo. Aidha, Machi 2025 Umoja wa Mataifa uliamua kuiweka HHC chini ya udhibiti wa kimataifa.