Friji la duka kwa joto la Dodoma: lipi ununue, lipi uliache

Duka langu lipo Nkuhungu, juu bati, mlango unatazama magharibi. Mwaka juzi nilinunua friji la mtumba la milango miwili ya vioo, zuri kwa macho na bei ya kutupa. Kabla yake LUKU ya shilingi 10,000, yaani kama uniti 28, ilinifikisha wiki nzima. Lilipoingia, uniti hizo zikawa zinaisha siku ya nne. Mota ilikuwa hailali: saa nane za usiku, duka limefungwa, unaisikia inanguruma hadi nje.

Kwa hiyo hapa napanga mafriji kwa umeme yanaokula. Ukijumlisha kodi, uniti moja ya duka dogo ni kama shilingi 356. Kibandiko cha friji kikiandika kWh, hiyo ndiyo uniti ya LUKU. Lililoandikwa 2 kwa saa 24 linakula uniti 60 kwa mwezi, elfu 21 na ushee. Lililoandikwa 5 linapita elfu 53. Hiyo elfu 32 inayobaki kati yake, kila mwezi, ni mzigo wa sukari. Kibandiko kikitaja kWh za mwaka, gawanya kwa 365. Tazama na herufi: lenye N limetengenezewa chumba kisichozidi nyuzi 32, lenye T huvumilia hadi 43. Kwa jua letu la Oktoba na Novemba, chini ya bati, chukua T.

Namba moja kwangu ni friza la kulala lenye mfuniko mzito na mota ya invata. Baridi ni nzito, hukaa chini; mteja akifunua, haimwagiki yote kama kwenye mlango wa kusimama. Invata nayo hupunguza kasi pole pole badala ya kuzima na kuwaka kwa nguvu kila mara. Mengi yana swichi ya kugeuza friza kuwa friji, kwa hiyo soda na maziwa vinakaa bila kuganda. Umeme ukikatika, chupa chache za maji ya barafu mle ndani zinakuokolea mzigo. Ubaya wake ni kwamba mteja haoni kilichomo. Mimi ningebandika karatasi ya bidhaa na bei juu ya mfuniko, basi.

La pili ni friji la kioo la mlango mmoja, kioo cha tabaka mbili. Likiwa limewaka kwa muda, weka kiganja kwenye kioo. Ukisikia baridi kali, ujue baridi unayoilipia inatokea hapo.

La tatu ni lile la kuazimwa na kampuni ya vinywaji. Watu hulipokea kwa furaha kwa kuwa ni la bure, nami nawaelewa, lakini LUKU ni yako. Na mara nyingi unatakiwa uweke vinywaji vyao tu, kwa hiyo maziwa na mtindi vitataka friji jingine. Kama ni jipya na soda ndiyo biashara yako, lichukue. Likiwa limechakaa, mshukuru ajenti na umwombe jingine.

Mtumba nauweka mwisho kabisa. Ukilazimika, nenda na noti ya elfu moja. Ifungie mlangoni, nusu ndani nusu nje, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umekufa. Rudia pembe zote nne, maana mpira unaweza kufa upande mmoja tu. Mwambie muuzaji aliwashe mapema hadi lipoe kabisa, kisha ukae nalo saa nzima: kama si la invata na mota haipumziki hata mara moja, liache.

Mimi la kwangu sikuliuza. Fundi alibadilisha mpira, akafungua wavu wa chini, na vumbi lililotoka kwenye mabomba ya nyuma ya wavu lilijaa sahani. Sasa nalipiga brashi kila mwisho wa mwezi, likiwa limechomolewa, na nimelihamisha kutoka ukuta unaopigwa na jua la jioni. LUKU ya elfu kumi inafika siku ya sita. Friza la invata nalidunduliza.