Nusu Bata Bukini kwa Watu Wawili: Chakula cha Krismasi cha Kubeba Mjini Leipzig

Kuanzia siku ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, hadi Krismasi, migahawa mingi ya Ujerumani huuza bata bukini aliyekwisha kuokwa, ambaye mteja humwagiza na kumlipia mapema, kisha humchukua akiwa amefungwa pamoja na mchuzi, kabichi nyekundu na madonge ya viazi, akabaki na kazi ya kumpasha moto tu. Huduma hiyo imepangwa kwa kuzingatia familia, kwa kuwa bata mzima wa kilo nne au tano hutosha watu wanne hata sita, na mimi na mke wangu, ambao katika mji huu hatuna ndugu, tulikuwa tunaihesabu kuwa ni mambo ya wenyeji. Mgahawa mmoja mdogo wa mtaani kwetu ulipotangaza kwamba unauza pia nusu kwa ajili ya watu wawili, tuliagiza.

Anayetoka Afrika Mashariki anaweza kushangaa kwa nini mtu alipie chakula cha sikukuu wiki kadhaa kabla, na jibu liko kwenye kalenda. Tarehe 24 Desemba maduka hufungwa saa nane mchana kwa mujibu wa sheria, na tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu, hivyo aliyesahau kitunguu atakula bila kitunguu. Jioni ya tarehe 24 ndiyo kilele cha Krismasi yao: kila nyumba hujifungia na watu wake, zawadi hufunguliwa, na barabara hubaki tupu kiasi kwamba tramu hupita na abiria wawili watatu. Kwetu Kilimanjaro mambo ni kinyume kabisa, kwa sababu Desemba ndipo mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa watu wanaorudi kwao “kuhesabiwa”, kama watani wetu wasemavyo, na nyama ya sikukuu huchinjwa na wengi na kugawiwa wengi, kila kiungo kikiwa na mwenyewe. Kumwoka bata mbichi huchukua saa nne au zaidi, na katikati yake mafuta lazima yachotwe mara kwa mara. Kazi hiyo ni nyepesi kwenye jiko lenye shangazi watatu, lakini kwa watu wawili inakula siku nzima.

Kumchukua bata kulikuwa asubuhi ya tarehe 24, kila mteja akiwa amepangiwa saa yake, na foleni haikuwa ya kuchosha licha ya baridi. Mhudumu alituuliza kwanza kama oveni yetu ina moto wa juu, kisha akatueleza polepole, kwa Kijerumani chepesi, yale yaliyoandikwa kwenye karatasi: nyama ipashwe ikiwa imefunikwa, na moto wa juu uwashwe dakika za mwisho ili ngozi ikauke na kuwa ngumu kidogo. Uungwana huo nauhesabu kuwa sehemu ya bidhaa. Jambo ambalo karatasi haikulitaja ni wingi wa mafuta yatakayotoka hata baada ya nyama kuokwa, na asiyeweka sinia la kina chini yake atasafisha oveni usiku wa Krismasi.

Tulikula tarehe 25 mchana, baada ya ibada. (Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walituachia Ulutheri, lakini bata bukini wao hawakutuletea.) Nyama yake ni nyeusi kuliko ya kuku, nzito, na ina ladha inayokaribia ya mnyama wa porini, paja lilikuwa laini hadi mfupa ukitoka wenyewe, ilhali kidari kilikuwa kimekauka kidogo, jambo ambalo ni vigumu kuliepuka kwa nyama inayopita motoni mara mbili. Mchuzi uliokoa kidari hicho. Kilichotufurahisha zaidi ni kabichi nyekundu, iliyopikwa taratibu kwa tufaha, siki na karafuu, kiasi kwamba nyumba ilinukia pilau ambayo haikuwapo. Madonge ya viazi sikuyapenda: yalinata mdomoni na hayakuwa na chumvi ya kutosha, na sidhani kwamba ni suala la ugeni wetu, kwani madonge mazuri tumewahi kuyala hapa hapa.

Mama mkwe alipiga simu ya video tukiwa mezani. Baada ya shikamoo na marahaba, akataka aonyeshwe sahani.

"Mwanangu, huyo ni kuku gani mkubwa hivyo?"

"Ni bata bukini, Mama. Na hiyo ni nusu tu."

"Nusu nyingine wamekula akina nani?"

Hatukuwa na jibu la kumridhisha, kwa maana nyumbani kwake nusu ya kitu cha Krismasi haijulikani. Hata hivyo nusu hiyo ndiyo iliyofanya sikukuu yetu iwe sikukuu, kwa sababu meza ilijaa kwa kiasi cha watu waliokuwapo, na saa ambazo zingeishia jikoni tulizitumia kutembea kando ya mfereji na kuzungumza na nyumbani bila haraka. Tarehe 26 mifupa iliingia kwenye mtori, kwa ndizi za kupika tulizonunua mapema katika mtaa wa Eisenbahnstraße, na mafuta yaliyobaki yalikaanga viazi hadi mwaka mpya.

Bei ni kubwa: nusu pamoja na vyote vilivyoambatana nayo ilitugharimu euro 85, fedha ambazo zingetosha kununua bata wawili walioganda wa kutoka Poland au Hungaria dukani, na bado chenji ikabaki. Kwa anayejua kuoka na mwenye wa kumsaidia, nisingeshauri. Kwa wawili walio peke yao, hasa katika Krismasi ya kwanza ugenini, ningesema walipe, waagize kabla Desemba haijaanza kwa kuwa nusu huisha upesi, na waulize kama madonge yanaweza kubadilishwa kwa viazi vya kuchemsha.