Nimemeza mate, nikaambiwa nilipe tena

Ati mimi ndiye niliyeharibu picha! Kosa langu ni kumeza mate.

Daktari wangu wa meno kanituma kituo kimoja hapa Mombasa nikapigwe eksirei ya 3D. Taya langu la chini limerudi nyuma, meno ya juu yametangulia kama yana haraka, na usiku nakoroma hadi mume wangu ahamie sebuleni. Kabla ya kunitia waya za meno alitaka aione njia ya hewa kooni, maana taya likikaa nyuma, mara nyingi ulimi nao hukaa nyuma, pumzi ikabanwa.

Nikavuka feri ya Likoni mapema. Kijana wa mashine hata salamu hakuitika, macho kwenye simu. "Toa pini." Mtandio wangu una pini sita. Nikazitoa moja moja, mlango wazi, wanaume wako kwenye benchi wananitazama, naye hakunyanyuka kuusukuma. Kefule! Nikaweka kidevu, mashine ikanizunguka kichwa. Mate yakajaa, nikameza.

"Mama, umemeza. Itarudiwa, na kurudia kunalipiwa."

Nani aliniambia nisimeze? Daktari alinieleza baadaye: ukimeza, ulimi na koo vinasogea, vipimo vya njia ya hewa havitoki sawa. Uumanishe meno, ulimi utulie, upumue taratibu. Basi, ni hayo tu ya kumwambia mtu! Na mionzi nimeila mara mbili. Ni michache kuliko ya siti-skani ya hospitali, najua, lakini mwili ni wangu.

Pesa ya pili sikutoa. Nilisimama kaunta mpaka akatoka bibi mmoja wa miwani. "Samahani, mamangu, njoo." Akafunga mlango, akanipa kioo nijifunge mtandio vizuri tukimaliza, akanipiga picha mwenyewe. Nilikuwa nimeapa kuandika msiende kabisa. Sasa nasema nendeni, lakini mumuulizie yeye. Au msiende. Nikimkumbuka yule kijana damu inapanda tena.

Picha yenyewe, lo! Daktari aliigeuza-geuza, tukaliona tundu la nyuma ya ulimi limebana kama mrija uliofinywa kwa kidole. Nilinyamaza. Kisha akaniambia hii imepigwa nikiwa macho, nimekaa wima. Kama pumzi hukatika usingizini, lazima nipimwe usiku nikiwa nimelala. Na ukutani pale kituoni wamebandika "Jua chanzo cha kukoroma kwako"! Huo si uongo mtupu, ila ni nusu yake.

Halafu picha wamenipa kwa sidii. Sidii, zama hizi! Ilibidi daktari atoe kompyuta kuukuu kabatini ndipo ikasomeka. Mimi kwangu sina pa kuitia. Iko juu ya friji, binti yangu anajitazamia wanja.