Panya wa barafu kwa nyoka wangu: mwaka mzima nikinunua, Lubumbashi

Nyoka wangu ni yule wa kahawia asiye na sumu, mwenye mstari mweupe kila upande wa kichwa, anayeingia nyumbani kufuata panya. Nilimkuta nyuma ya magunia ya makaa hapa Katuba, majirani wameshika mapanga. Kumlisha panya wa mtaani sithubutu: karibu kila nyumba inatega sumu, na panya aliyeila anaweza kumdhuru anayemmeza. Ndiyo maana nanunua panya weupe walioganda kwa kijana mmoja anayewafuga mjini.

Panya wenyewe wazuri: wanono, safi, hawana harufu. Na mfu hang'ati. Panya hai ukimwacha pamoja na nyoka, anaweza kumtafuna mgongo. Lawama yangu ni ufungaji. Wote 10 wanakuja katika mfuko mmoja, wameshikana kama samaki wa katoni. Ukitaka mmoja unagonga donge kwenye sementi, mkia unabaki kwa mwenzake. Nimemwambia mara mbili, anacheka tu. Siku hizi nampelekea vifuko vyangu mapema, kabla hajawagandisha.

Kuyeyusha kumenitia adabu. Mara ya kwanza nilimtumbukiza panya katika maji ya moto kutoka mbabula (jiko la makaa), dakika 10, ngozi ikawa laini, nikampa. Nyoka akameza. Siku ya pili nikamkuta panya kwenye kona, amelowa ute, ananuka vibaya. Kumbe ndani kulikuwa bado barafu. Nilingoja wiki 2 ndipo nikampa mwingine, mdogo zaidi.

Sasa jioni namtoa panya kongelateri (friza), analala kwenye frigo. Kesho yake namfunga vizuri katika kifuko, namzamisha kwenye maji kama ya kuogeshea mtoto, digrii 38 hadi 40, robo saa hivi. Juni na Julai maji yanapoa upesi, nabadilisha. Halafu nabinya tumbo: kidole kikigusa kitu kigumu kama kokoto, anarudi majini. Maikrowevu usijaribu, linapasua matumbo. Namkausha kwa karatasi, namshika kwa koleo ndefu, namtikisa kidogo mpaka ulimi wa nyoka uanze kucheza. Akishameza, siku 2 simgusi.

Mikono naiosha kwa sabuni sababu ya salmonela, na beseni ni la kazi hiyo tu. Siku mke wangu aliponikuta na sufuria ya bukari (ugali), alisema, "Papa, leo utakula na nyoka wako." Na kweli sikuwekewa sahani.

Oktoba, joto kali, umeme ulikatika siku 2. Panya 7 niliwatupa, kwani aliyeyeyuka harudishwi kwenye barafu. Hilo si kosa la muuzaji, ila tangu hapo nachukua 4 tu kwa safari moja.

Kwa panya nampa nyota 4. Kwa ufungaji 2, mpaka aache kucheka.