Darubini ya milimita 70: bendera sijaiona (nyota 3 kati ya 5)

"Bosi, hii ukiielekeza Mwezini, bendera ya Wamarekani unaiona." Ndivyo alivyoniambia muuzaji kwa simu. Boksi nalo limeandikwa inakuza mara 525, kwa maandishi makubwa. Nikatuma 310,000, mzigo ukaja na basi mpaka Mbeya.

Nimalizane na bendera kwanza. Haionekani. Kwa kioo cha mbele chenye upana wa milimita 70, kitu kidogo kabisa utakachokitambua Mwezini kina upana wa kama kilomita 3. Hata kitako cha Apollo 11, chombo cha hao Wamarekani, kilichobaki kwenye Bahari ya Utulivu tangu Julai 1969, ukihesabu na miguu yake hakifiki mita 10. Hiyo mara 525 unaipata ukiunganisha lenzi ya kuchungulia ya milimita 4 (namba ikiwa ndogo, inakuza zaidi) na ile ya kuongezea mara tatu, na kinachotokea ni ukungu kama wa Kitulo asubuhi. Binti yangu alisimama kwenye stuli weee, halafu akauliza, "Baba, sasa bendera iko upande gani?"

Lenzi ya milimita 10 ndiyo iliyoniokoa. Mwezi ukiwa nusu, vivuli vinarefuka na milima ya Apenini inasimama kabisa. Chini ya milima hiyo Apollo 15 ilitua mwaka 1971 na kuacha kibao chenye vioo vidogo 300. Wanasayansi hukipiga mwanga wa leza kutoka Duniani, unarudi baada ya sekunde 2.5 hivi, na kwa vipimo hivyo tunajua Mwezi unatukimbia sentimita 3.8 kila mwaka. Mke wangu ni mtu wa Kilwa, bamvua na maji mafu, yaani bahari kujaa sana na kujaa kidogo, amekua navyo, kwa hiyo sababu aliielewa kabla yangu: Mwezi unainua maji ya bahari, Dunia inavyozunguka haraka inalipeleka lile tuta la maji mbele kidogo ya Mwezi, na tuta nalo linauvuta Mwezi, unapanda njia ya mbali zaidi.

Sentimita hizo hakuna darubini ya dukani itakayokuonyesha. Ila katika kila mzunguko Mwezi husogea karibu na kurudi mbali, kama kilomita 363,000 mpaka 405,000, na hilo nimeliona mwenyewe. Ukiwa karibu unakaribia kujaza duara la lenzi. Ukiwa mbali unaacha ukingo mweusi pande zote.

Stendi ni mbovu. Upepo kidogo tu picha inacheza, nimening'iniza kidumu cha maji katikati ya miguu ndipo ikatulia. Juni na Julai anga ni safi lakini kioo kinashika umande, vaa koti.

Ukiipata kwa 200,000, chukua. Muuzaji nilimpigia kuhusu bendera, akasema nisubiri Mwezi mpevu.