Banda la mpira Ngamiani ambapo TV haizimwi kipyenga kikilia

Kama uko Tanga mjini na unatafuta pa kuangalia mpira, nakushauri uende kwenye banda lile la Ngamiani, nyuma ya mashine ya kusaga, lenye geti la bati la bluu. Sitakudanganya kuhusu starehe. Mabenchi ni ya mbao tupu, feni ni mbili kwa watu zaidi ya mia, na kuna nguzo katikati ambayo ukichelewa ndiyo utakayoitazama dakika tisini. Picha ni nzuri, spika ni nzito, basi. Ninachokuja kulisifia ni kitu ambacho mabanda mengine hayana: timu ikifungwa, hapa TV haizimwi.

Ninyi mnaokaa mabandani mnajua mambo yanavyokuwa kwingine. Mwamuzi akishamaliza tu, kijana wa mlangoni ameshaweka muziki wa singeli, watu wanasukumwa nje ili wa mechi ya saa nne walipe waingie. Unatoka na donge. Kocha ataongea nini hujui, utakuja kusikia kesho yake kipande cha sekunde kumi kwenye simu ya mtu. Hapa kocha anasikilizwa mpaka mwisho, halafu anaulizwa. Hayupo, ni kweli, lakini maswali yanaulizwa kana kwamba yupo, na yanajibiwa kwa ushahidi.

Ushahidi wenyewe ni ubao. Pembeni ya TV kuna ubao mweusi wa shule, na mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu ndiye mwenye chaki. Mechi ikianza anagawa safu tatu: dakika, tukio, nani. Bao linaandikwa, kadi inaandikwa, na kila badiliko linaandikwa, katoka nani, kaingia nani, matokeo yalikuwaje wakati huo. Akiona timu imebadili mfumo, kiungo ametolewa akaingizwa beki wa tatu wa kati, anachora mshale mdogo. Haulizwi na mtu, anaandika tu. Mwenye banda naye ana kisimbuzi kinachorekodi, kwa hiyo zile dakika kumi za mwisho anaweza kuzirudisha. Kocha mgeni akizungumza Kiingereza, Mwalimu anatafsiri sentensi kwa sentensi, na akisimama kutafsiri watu hunyamaza kama msikitini. Kiingilio ni shilingi 500 kwa mechi za ligi, 1,000 kwa mechi za CAF (mashindano ya Afrika), za Taifa Stars na ya watani, Simba na Yanga. Kwa kazi inayofanyika pale, hiyo 1,000 ni halali yake.

Desturi hii ilianza na kidonda. Tarehe 28 Mei 2023, Yanga dhidi ya USM Alger, mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, pale Uwanja wa Mkapa, Dar. Waarabu wale wa USM Alger walitangulia kufunga kipindi cha kwanza. Dakika ya 82 Mayele, straika wa Yanga, akasawazisha, banda likapasuka kwa kelele, watu wakamwagiana kahawa. Dakika ya 84 tukafungwa la pili. Mimi ni wa Coastal Union tangu utotoni, nimezaliwa karibu na uwanja wao wa Mkwakwani, ile furaha ya ubingwa wa 1988 nimeirithi kwa baba. Lakini siku ile kila mtu alikuwa Yanga, na niliumia kama wao. Tarehe 3 Juni Yanga ikaenda Algiers ikashinda 1-0. Jumla mabao 2-2, kombe likabaki kwa USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini, kwamba jumla zikilingana anashinda aliyefunga mengi zaidi ugenini. Ifanye hesabu mwenyewe. Ingekuwa 1-1 Dar, ile 1-0 ya Algiers ingetosha. Kombe lilipotea kati ya dakika ya 82 na ya 84.

Mwalimu aliandika hivyo hivyo ubaoni kwa herufi kubwa, 82 na 84, na hakufuta mpaka wiki ikaisha. Wengi wetu tulikuwa na swali moja tu. Sare nyumbani ikiwa mkononi, zimebaki dakika nane na za nyongeza, agizo lililotoka kwenye benchi la ufundi lilikuwa lipi? Tusonge tutafute la pili, au tukae nyuma ya mpira? Yote mawili yanaweza kutetewa. Ukisonga ukafungwa, una sababu. Ukikaa ukafungwa, una sababu. Kinachouma ni kuona timu ambayo nusu yake inashangilia bado na nusu yake haijajua imeagizwa nini. Hapo huwezi kuniambia habari ya uchovu. Uchovu hauingii ndani ya dakika mbili.

Na sasa niseme lililo moyoni. Kuna jibu moja ambalo makocha wa nchi hii, wazawa na wageni, wanalipenda mno: "Tulipoteza umakini." Umakini wa nani? Dakika ipi? Kona ile alipewa nani amkabe yule mrefu, na aliyekuwa akimkaba mwanzo alitolewa uwanjani na nani? Mimi ni fundi cherehani. Mteja akirudi na gauni limeachia begani, siwezi kumwambia uzi umepoteza umakini. Ataniuliza nilipiga mishono mingapi, uzi wa namba ngapi, na ana haki ya kuniuliza kwa sababu alilipa. Shabiki wa mpira analipa. Analipa kiingilio, jezi, nauli ya kutoka Tanga kwenda Dar na kurudi usiku wa manane. Anapouliza kwa nini straika alitolewa dakika ya 75 timu ikiwa inatafuta bao, asiambiwe kwamba hajui mpira.

Wapo wanaosema kuuliza ni kumkosea kocha heshima. Pale bandani tulibishana hivyo usiku wa tarehe 21 Januari 2024, Taifa Stars na Zambia, mechi ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, huko San Pedro. Msuva alitufungia mapema, dakika ya 11. Zambia wakapata kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Kipindi kizima cha pili wao wako kumi, sisi kumi na mmoja, na bado tukawa tunarudi nyuma, tunarudi nyuma, mpaka Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Ilikuwa sare, ila watu walitoka kama waliofungwa tatu. Kijana mmoja akasimama kumtetea kocha: jamani, Hemed Morocco kakabidhiwa timu juzi tu baada ya Amrouche kufungiwa, mnamuuliza nini? Mzee wa kahawa akamjibu taratibu huku anamimina: "Mwanangu, kuuliza si kutukana. Tunamuuliza kwa kuwa timu ni yetu sote." Ushindi ule ungekuwa wa kwanza wetu katika historia ya AFCON. Hilo si jambo la kunyamaziwa.

Lakini nilichokipenda zaidi ni kwamba ubao haumpendelei mtu. Nimeuona ukimtetea kocha pia, na hapo ndipo nilipoona banda hili lina faida kuliko kupiga kelele mtaani. Kuna mechi moja ya ligi, timu siitaji, ilifungwa dakika za majeruhi kupitia upande wa kulia. Beki wa kulia alikuwa anachechemea kila mtu anamwona. Kocha akasema hakuweza kumtoa. Banda likalipuka: muongo huyo, amefanya mabadiliko matatu tu, sheria inaruhusu matano! Mwalimu akagonga ubao kwa chaki. Matano ndiyo, lakini katika vipindi vitatu tu vya kusimamisha mchezo, mapumziko hayahesabiwi. Akasoma: dakika ya 55 mmoja, ya 63 mmoja, ya 71 mmoja. Milango yote mitatu ilikuwa imeshafungwa. Kocha alisema kweli. Kukawa kimya, halafu akainuka dada mmoja muuza samaki wa pale Deep Sea, soko la samaki, akauliza swali lililowazidi waandishi wote niliowahi kuwasikia: basi kwa nini nafasi zote tatu zitumike kwa mtu mmoja mmoja, na ziishe kabla ya dakika ya 75, ilhali beki alianza kuchechemea kipindi cha kwanza? Hilo ndilo swali. Lile la kwanza lilikuwa la hasira, hili la pili kocha yeyote angelazimika kufikiri kabla ya kujibu.

Vilevile Simba na RS Berkane, 25 Mei 2025, mechi ya marudiano ya fainali ya kombe lile lile la Shirikisho, iliyotolewa kwa Mkapa ikapelekwa Amaan, Zanzibar. Simba ilikuwa imefungwa 2-0 kule Morocco. Mutale akafunga mapema, matumaini yakarudi, kisha kipindi cha pili Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu. Watu kumi wakaenda mbele kutafuta la pili, na dakika za nyongeza Berkane wakasawazisha. Pale bandani lawama zilimwangukia Fadlu Davids, kocha wa Simba wakati ule, moja kwa moja: kwa nini alifungua nyuma mwishoni? Mwalimu akaandika jumla mbili, 2-1 na 3-1, akauliza ni ipi kati ya hizi inayoleta kombe Msimbazi, kwa Simba. Hakuna. Kukaa nyuma kulinda 1-0 kungekuwa kulinda kushindwa. Kwa dakika zile uamuzi wa kwenda mbele ulikuwa sahihi hata kama bao liliingia. Wa kuulizwa maswali ni mabao mawili ya mechi ya kwanza. Wana-Simba wachache waliondoka wamenuna, hawakukubali, na sidhani kama wamekubali hadi leo. Mimi nasimama na Mwalimu.

Sasa kasoro, maana zipo, na mwenye banda namheshimu kiasi cha kumwambia.

Wenye mikeka, yaani waliobeti, wanaharibu mazungumzo. Mtu aliyechaniwa mkeka wake na bao la dakika ya 90 hamuulizi kocha, anaulizia hela yake, na anapaza sauti kuliko wote. Mwalimu amejaribu kuwaweka wazungumze mwisho, wakati mwingine inakubali. Ingesaidia mwenye banda mwenyewe asimame nalo, si kumwachia mzee wa watu.

Umeme ukikatika jenereta linachukua muda kuwaka, na hukatika wakati ule ule ambao kocha anaketi mezani. Ubao umewekwa chini mno, waliosimama mbele wanauziba, walio nyuma wanasomewa. Ungepandishwa ukutani juu ya TV kila mtu angeona.

Kwa wanawake, niseme wazi kwa kuwa wengi mnaniuliza: benchi la mbele kushoto ni letu na wazee, hakuna mwingine anayelikalia, na sigara wanavutia nje. Sijawahi kuguswa wala kutukanwa pale. Wananiita shangazi, nikitaka kusema nasikilizwa. Ila choo ni kimoja na mlango hauna komeo. Hilo ni aibu kwa banda linalojaza watu namna ile.

Kubwa kuliko yote ni hili jipya lililoanza msimu huu. Siku zenye mechi ya Ulaya ya saa nne, mazungumzo yanakatwa katikati, tunaambiwa tutoke au tulipe tena. Naelewa biashara, mechi za England ndizo zinazolipa kodi ya banda. Lakini barazani kuna nafasi, na ile TV ndogo ya zamani iko stoo. Itolewe nje na ubao utoke nao, watu wamalizie hapo kwa kahawa na kashata. Mzee wa kahawa na dele lake atauza zaidi, na hakuna atakayezuia wa saa nne kuingia.

Nalipatia banda hili nyota nne kati ya tano. Ukienda siku ya CAF, fika nusu saa kabla, kaa kulia kwa nguzo, na usiondoke kipyenga cha mwisho kikilia.